Theluji ya Msimu na Hali ya Njia Kati ya Kambi ya Barafu na Kilele cha Uhuru: Tatizo la Usiku wa Pili

1. Utangulizi

Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya semina ya waongozaji, wapagazi na askari wa hifadhi wanaofanya kazi katika Mlima Kilimanjaro, na inahusu theluji inayokuja na kutoweka kwa majira pamoja na namna inavyoibadilisha njia wanayopita watu. Waandaaji waliomba mada iguse mlima mzima na majira yote ya mwaka, na ombi hilo limezingatiwa katika sehemu ya pili. Hata hivyo, kurasa nyingi zimeelekezwa kwenye jambo moja ambalo huzungumzwa kambini na kwenye mageti kila mwaka, kisha likaishia hapohapo. Ieleweke tangu mwanzo kwamba hakuna taasisi wala kampuni inayonyoshewa kidole, kwa kuwa tatizo lenyewe limelelewa na wote waliomo katika kazi hii.

2. Istilahi na majira

Theluji ya msimu ni ile inayoanguka, ikakaa kwa saa, siku au wiki kadhaa, kisha ikaisha. Barafuto ni mkusanyiko wa barafu uliojengeka kwa miaka mingi kutokana na theluji iliyojishindilia kwa uzito wake yenyewe. Sakitu ni unyevu wa hewa ulioganda juu ya mawe na majani usiku wa baridi. Washiriki wanayafahamu haya kwa miguu yao, kwa hiyo hayahitaji kurefushwa.

Majira nayo yanajulikana. Masika hushika Machi hadi Mei, vuli hushika Novemba na kuingia Desemba, na katikati yake vipo vipindi viwili vya ukavu, ambavyo ndivyo vinavyoleta wageni wengi. Sehemu kubwa ya mvua huishia kwenye ukanda wa msitu, hasa upande wa kusini, na kinachofika juu ya mita 4,000 ni kidogo kiasi kwamba wataalamu hulihesabu eneo hilo kuwa jangwa la mwinuko. Upande wa kaskazini, inakopita njia ya Rongai, ni mkavu zaidi, ndiyo maana wageni wa masika mara nyingi hupelekwa huko. Kileleni, kwenye mita 5,895, wastani wa jotoridi la mwaka ni takriban nyuzi 7 chini ya sifuri, hivyo theluji inaweza kuanguka katika mwezi wowote; kalenda humweleza msafiri uwezekano tu, na haijawahi kumwahidi njia kavu.

Yafaa kuongeza neno la pembeni kuhusu barafuto. Mwaka 1912 zilifunika takriban kilomita za mraba 12 za Kibo, koni kuu ya mlima huu, na kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, walipopanda mwaka 1889, walilazimika kuchonga vidato kwenye barafu ili wafike ukingoni mwa kreta, ilhali leo mgeni wa mwezi mkavu anaweza kufika Uhuru bila kukanyaga barafu. Habari hiyo imeandikwa na kupigwa picha kuliko jambo lingine lolote la mlima huu, na tangu mwaka 2000 kipo kituo cha kupima hali ya hewa kilichowekwa juu ya barafuto ya kaskazini. Ni kazi yenye manufaa na mada hii haiibezi. Lakini mpagazi hatelezi kwenye barafuto. Huteleza kwenye theluji iliyoanguka juzi, na theluji ya juzi haijapata mwandishi wa kudumu.

3. Usiku wa pili

Kwa wanaotumia njia za Machame, Lemosho na Umbwe, safari ya kileleni kwa kawaida huanzia kambi ya Barafu, iliyo karibu na mita 4,670, na kupanda hadi Stella Point, mita 5,756, kabla ya kufuata ukingo wa kreta hadi Uhuru. Makundi mengi huondoka kati ya saa 5 na saa 6 usiku. Sababu inayotajwa kwa wageni ni kuliona jua likichomoza. Sababu ya kikazi ni kwamba usiku mchanga na changarawe huwa vimeshikwa na baridi, hatua hairudi nyuma, na kukipambazuka unabaki mchana mzima wa kushukia.

Theluji inapoanguka, swali linaloulizwa ni moja, yaani imeanguka au haijaanguka, na swali hilo ndilo linalopotosha. Usiku wa kwanza theluji mpya huwa kavu na nyepesi, mguu huzama hadi kifundoni ukashikwa, na kundi lililotayarishwa vizuri hutaabika kwa pumzi zaidi kuliko kwa kuteleza. Matata huanza asubuhi yake. Miguu ya makundi yote yaliyopanda na kushuka inakuwa imeshindilia theluji katika ukanda mwembamba. Mteremko wa Barafu unatazama kusini-mashariki, kwa hiyo jua huupiga mapema. Na maji yanayoyeyuka hayapati pa kupenya, kwa sababu theluji iliyoshindiliwa imekwisha kuziba matundu yake. Jua likizama, ukaingia usiku wa pili, ukanda huo huganda na kuwa kioo.

Pembeni mwa njia mambo huenda vingine. Theluji ambayo haikukanyagwa hubaki laini, na sehemu yake kubwa hupotea hewani bila hata kuwa maji, kwa kuwa hewa ya huko juu ni kavu na jua lake ni kali. Mchanga mweusi wa volkano unaochungulia chini yake hunyonya joto na kumaliza kilichobaki. Baada ya siku chache za jua pembeni pote huwa pamekauka, na kinachobaki cheupe ni njia yenyewe. Anayetazama juu kutoka kambini alasiri huona mstari mweupe unaopinda huku na huku katikati ya mlima mweusi, na mstari huo ndio anaotakiwa kuukanyaga usiku kwa mwanga wa tochi ya kichwani.

Kwa hiyo taarifa isemayo kwamba theluji haijaanguka leo inaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado ikampeleka mtu kwenye njia mbaya kuliko ya jana.

Waongozaji wakongwe wanalijua hili na hulikwepa kwa kutoka nje ya njia nusu hatua, wakikanyaga palipo laini. Hapo ndipo kanuni na akili ya kazi zinapogongana. Kanuni za hifadhi zinataka watu wabaki njiani, nazo ni kanuni sahihi, kwa sababu kila kijia kipya hulegeza mawe yanayoweza kuwaangukia walio chini na huacha kovu ambalo katika ukavu na baridi ya mwinuko ule halifutiki upesi. Anayekwepa barafu amevunja kanuni. Anayeitii amempitisha mgeni mahali pa kuvunja mguu. Kumwachia mwongozaji uamuzi huo peke yake saa 8 usiku, akiwa na wageni wanaotapika kwa ugonjwa wa mwinuko, kisha kumwuliza asubuhi kwa nini alitoka njiani, ni kumtwika mzigo ambao hakuna aliye tayari kuubeba naye. Mada hii inalisema hilo kwa heshima zote, lakini inalisema.

Kushuka kuna hatari yake pia, nayo hutajwa kidogo kuliko inavyostahili. Kuanzia saa 2 asubuhi tabaka la juu la barafu huanza kulainika huku la chini likiwa bado gumu, maji yakakaa kati ya kiatu na barafu, na mtu aliyekesha akitembea hukutana na hali hiyo magoti yakiwa yamechoka. Upande wa njia ya Marangu, kutoka kibanda cha Kibo kilichopo mita 4,720 hadi Gilman's Point ukingoni mwa kreta, mabadiliko ni yaleyale, ila mteremko wake unatazama mashariki na hivyo hupata jua mapema zaidi.

4. Ukuta wa Barranco na mwenye mzigo

Yaliyoelezwa hadi sasa yanawahusu zaidi waongozaji na wageni, maana wapagazi walio wengi hubaki kambini usiku wa kileleni. Barafu ya mpagazi iko chini zaidi, kwenye Ukuta wa Barranco, karibu na mita 4,000, ambako hata bila theluji maji yanayochuruzika mwambani huganda usiku yakaacha utando usioonekana juu ya mawe yaliyolainishwa na miguu ya miaka mingi. Ukuta huo unatazama magharibi na jua la asubuhi huchelewa kuufikia. Wapagazi nao hulazimika kuwahi, kwa sababu hema hutakiwa ziwe zimesimama na chai iwe tayari katika kambi ya Karanga kabla mgeni hajafika. Matokeo yake ni kwamba mtu wa kwanza kukanyaga barafu ya ukuta ni yule mwenye mzigo kichwani au shingoni, ambaye mkono mmoja umeshika mzigo, shingo haiwezi kuinama, na macho yake hayauoni mguu wake mwenyewe. Mahali paitwapo Jiwe la Kubusu, ambapo kila apitaye hulikumbatia jiwe ili avuke, mzigo humsukuma nje kwa kadiri ya upana wake. Mgeni hupita hapohapo akiwa na kibegi kidogo mgongoni na mwongozaji wa kumshika mkono.

Kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi kipo na hupimwa kwenye mizani, na ni hatua kubwa ikilinganishwa na hali ya zamani. Lakini mizani haipimi viatu, wala haijui kama mzigo wa kilo 20 ni begi linalokaa vizuri au ni meza za kulia chakula zilizofungwa kwa kamba.

5. Kwa nini taarifa haifiki inakotakiwa

Kikwazo kikubwa kimejengeka ndani ya mpangilio wa njia zenyewe, na pengine ndiyo maana hakionekani. Katika njia ya Marangu watu hupanda na kushuka mahali pamoja, hivyo anayeshuka hukutana na anayepanda karibu na kambi ya Horombo, wakasalimiana, na habari ya njia ikapita mdomo kwa mdomo ndani ya dakika mbili. Wanaopandia Machame, Lemosho na Umbwe, kwa upande mwingine, hushukia Mweka. Mwongozaji aliyekuwa Stella Point alfajiri ya jana hutokea kwenye geti ambalo hakuna kundi linaloingilia. Husaini kitabu, wageni hupokea vyeti vyao, gari huondoka kwenda Moshi. Wakati huohuo mwenzake yuko geti la Machame akipima mizigo, na atafika Barafu siku tatu au nne baadaye akitegemea alichosikia wiki iliyopita. Maarifa yote ya njia hutoka kwa mlango mmoja na wahitaji wote huingia kwa mlango mwingine.

Wapo watakaosema simu zipo. Ni kweli, na tangu mwaka 2022 intaneti ya kasi imefikishwa katika baadhi ya kambi za mlimani. Lakini simu hupigwa kati ya marafiki na kati ya watu wa kampuni moja, kwa hiyo mwenye jamaa wengi hupata habari na mgeni wa kazi hapati. Taarifa ya usalama isitegemee nani anamjua nani. Mmisionari Rebmann alipoandika kwamba aliiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, wapo wanajiografia wa Ulaya waliombishia wakiwa mezani kwao, ilhali Wachagga waliiona kila kulipopambazuka bila mawingu. Tabia ya kutoisikiliza habari ya aliyeko mahali penyewe ina umri mrefu katika mlima huu.

Hatari za mlimani kwa kawaida hupata utaratibu baada ya msiba. Januari 2006 mawe yalianguka kwenye njia ya Western Breach yakaua wageni watatu wa Marekani, na njia hiyo ikafungwa kwa muda kabla ya kufunguliwa tena. Barafu ya usiku wa pili haiui kwa kishindo namna hiyo. Huvunja kifundo hapa na mkono pale, na majeraha ya aina hiyo hayaitishi kikao.

6. Mapendekezo

Inapendekezwa, kwanza kabisa, kuwe na daftari la hali ya njia katika geti la Mweka, ambamo kila mwongozaji mkuu anayeshuka ataandika mistari michache kabla ya kusaini kutoka: ardhi ilikuwaje kati ya Barafu na Stella Point, saa ngapi wakati wa kupanda na saa ngapi wakati wa kushuka, na je, barafu ilikuwa njiani au pembeni. Pili, yaliyoandikwa yasomwe kwa simu jioni hiyohiyo kwenye mageti ya Machame, Umbwe na Londorossi (kwa njia ya Lemosho) na kubandikwa ubaoni kwa Kiswahili, na yapelekwe kwa redio hadi Barafu. Tatu, taarifa ieleze hali ya njia na isiishie kwenye kuanguka kwa theluji, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa.

Inapendekezwa pia kwamba uongozi wa hifadhi, kwa kadiri utakavyoona inafaa, uweke alama za njia mbadala kwenye vipande vichache vinavyojulikana juu ya Barafu, ili mwongozaji akwepe barafu kwa ruhusa na kwa mpangilio. Vyuma vya meno vinavyofungwa chini ya viatu viwepo kwa wasaidizi pia na visiwe vya mgeni peke yake. Ukaguzi wa geti uangalie soli za viatu vya wapagazi kama unavyoangalia uzito; mradi wa kusaidia wapagazi wa KPAP pale Moshi umekuwa ukiazima mavazi na viatu bila malipo, hivyo kisingizio cha umaskini wa mpagazi hakitoshi. Katika Ukuta wa Barranco, mwongozaji msaidizi apande kwanza mikono mitupu akague barafu, na penye Jiwe la Kubusu mizigo mipana ipokezanwe kati ya watu wawili. Makampuni yakubali kwamba chai ya Karanga inaweza kuchelewa.

Aidha, mafunzo ya waongozaji yaongezewe somo la kushuka, na wageni waelezwe wakiwa bado hotelini kwamba mwezi mkavu si dhamana. Na inarudiwa, hata kama imekwisha kusemwa, kwamba daftari la Mweka ndilo msingi wa mengine yote, kwa kuwa halihitaji mfadhili, mashine wala ruhusa kutoka mbali. Linahitaji kalamu, mtu wa kuandika na mtu wa kupiga simu.

Washiriki wanaombwa wasitawanyike kabla ya kukubaliana nani atalishika daftari hilo na nani atayasoma yaliyomo jioni, kwa maana vuli huanza Novemba.