Nani Alipie Kilichotoswa?



Mwaka 1958 mwanasheria wa Norway, Knut Selmer, alihoji kama kanuni ya mchango wa hasara ya pamoja bado ina kazi katika zama za bima. Tangu hapo wamezuka wanaojibu kwa ukali kuliko yeye: ifutwe, kila mwenye mali adai kwa bima yake. Jibu hilo nimelisikia vikaoni hadi nimechoka, na leo nakusudia kulivunja.

Kanuni yenyewe mnaijua. Chombo kikiwa hatarini, na mali ikatolewa mhanga kwa makusudi ili kuokoa vyote, waliosalimika humfidia aliyepoteza, kila mmoja kwa kadiri ya thamani ya kilichookoka. Mengine yamo katika Kanuni za York-Antwerp za 2016.

Wanaotaka ifutwe wanasema, kwanza, siku hizi hakuna anayetosa mzigo. Hawajaangalia moto unavyozimwa melini. Makontena mawili yamepangwa ubavu kwa ubavu: moja limeungua, la pili limejaa maji ya kuzimia moto. Lililoungua ni hasara ya mmoja, mwenyewe abebe. Lililolowa ni hasara ya pamoja, kwa sababu nahodha ndiye aliyeamua maji yamwagwe ili meli ipone. Futeni kanuni, na huyu wa pili atakuwa amewaokoa wenzake kwa mali yake bila hata ahsante.

Pili, wanalalamikia ucheleweshaji, na mfano wao daima ni Ever Given, iliyokwama Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021. Ni kweli mwenye meli alitangaza hasara ya pamoja, na wenye mizigo wakatakiwa dhamana. Tabu hiyo siikatai. Lakini kilichoizuia meli Misri hadi tarehe 7 Julai ni madai ya Mamlaka ya Mfereji. Kanuni yetu inabebeshwa dhambi isiyo yake.

Tatu, bima. Hapa wana mashiko kidogo. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayechangia kontena na wenzake bila kukata bima huumia mchango unapodaiwa, maana anautoa mfukoni. Lakini mzigo wake ukiwa ndio uliotolewa mhanga, bila kanuni hii hana pa kugeukia kabisa. Tena nahodha ni mwajiriwa wa mwenye meli. Ikiwa kilichotolewa hakifidiwi na wote, jicho lake litaangukia wapi kwanza, kwenye nanga ya bosi wake au kwenye mali ya mgeni?

Swali la nani achangie, na kwa kipimo gani, mwanasheria wa Kirumi Paulus alilitafakari karne ya 3, na maneno yake yamehifadhiwa katika Digesta ya Justinian ya mwaka 533. Niwieni radhi, kurasa hizi nazipenda kupita kiasi. Anauliza: mwenye lulu, ambazo haziongezi uzito chomboni, naye achangie? Achangie, kwa kuwa zimeokoka. Meli je? Nayo. Nguo na pete za abiria? Nazo. Uhai wa mtu huru? Hapana, huo haupimwi kwa fedha. Chakula cha safari? Hapana, kwa sababu kikipungua njiani kila mtu hutoa alichonacho kikawa cha wote. Kisha anapanga hesabu: kilichotoswa kithaminiwe kwa bei ya kununulia, kilichookoka kwa bei ya kuuzia. Mkokotoaji wa michango wa leo, mwenye kompyuta, anatembea katika njia ileile.

Babu yangu mzaa mama, nahodha wa jahazi la boriti kutoka Lamu, hakumjua Paulus. Alituambia kwamba wenye mali waligombana sana gatini, lakini katikati ya dhoruba, alipotosa mzigo, hakuna aliyemshika mkono, kwa sababu kila mmoja alijua atalipwa. Nimezipima hoja zote za wapinzani, na bado naona mzee yule aliwashinda.

Kwa hiyo kanuni ibaki. Kinachopaswa kubadilika ni hati za bima ya mizigo tunazouziwa: ukurasa wa kwanza uandikwe kwa Kiswahili cha wazi kwamba mchango wa hasara ya pamoja umo katika kinga, na nani wa kupigiwa simu siku dhamana inapotakiwa. Wakuu wa bima mlioketi hapa mbele, hilo halihitaji sheria mpya.