Winchi ya Kukwamua Gari: Kuichagua, Kuifunga na Kuitumia Bila Kuumiza Mtu

Mazungumzo kwa madereva, mafundi na wenye magari wa Meru na Embu



Mvua ndefu za Machi hadi Mei na mvua fupi za Oktoba hadi Desemba zinapofika, kila dereva wa huku anajua kinachofuata. Barabara za juu, kandokando ya msitu wa Mlima Kenya na kwenye vilima vya Nyambene, zina udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Barabara za chini, kuelekea Kiritiri na Makima upande wa Embu, au ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Meru, zina sehemu za udongo mweusi unaoshika gurudumu na kukataa kuliachia. Gari likikwama hapo, hasara huanza kuhesabiwa kwa saa. Majani chai yaliyochumwa asubuhi yanatakiwa kiwandani siku iyo hiyo, iwe ni Rukuriri au Michimikuru. Miraa ya Igembe hupoteza thamani baada ya siku mbili au tatu. Na ambulensi yenye mama anayejifungua haina hata saa moja ya kupoteza.

Ndiyo maana watu wengi sasa wanafunga winchi mbele ya gari. Ni jambo jema. Lakini winchi isiyolingana na gari, au iliyofungwa vibaya, ni hatari kuliko tope lenyewe. Kamba ya chuma iliyovutwa kwa nguvu ya tani kadhaa ikikatika, hurudi kwa kasi ambayo hakuna mtu anayeweza kuikwepa. Inaweza kuvunja mguu. Inaweza kuua.

Ukubwa wa winchi

Swali la kwanza ni uzito wa gari. Si uzito wa gari tupu. Ni uzito wa gari likiwa limepakiwa, pamoja na mafuta, abiria na mzigo. Kipimo hicho huandikwa na mtengenezaji kwenye kibao kidogo kilicho mlangoni au ndani ya chumba cha injini. Mafundi wa kazi hii hutumia kanuni moja rahisi: uzito huo uzidishwe mara moja na nusu, na jibu ndilo nguvu ndogo kabisa ya winchi inayofaa.

Tuchukue pikapu ambayo ikipakiwa hufikia kilo 3,000. Mara moja na nusu ni kilo 4,500. Winchi nyingi huuzwa kwa vipimo vya pauni. Ile ya pauni 9,500 ni karibu kilo 4,300, kwa hiyo haitoshi. Ile ya pauni 12,000 ni karibu kilo 5,440, na hiyo inatosha.

Kwa nini nguvu nyingi hivyo? Kwanza, tope huongeza mzigo. Gari lililozama hadi katikati ya magurudumu linaweza kuhitaji mvuto unaokaribia uzito wake wote, na likizama hadi kwenye fremu linahitaji zaidi ya hapo. Mlima nao huongeza: mteremko wa nyuzi 15 peke yake huongeza karibu robo ya uzito wa gari. Pili, nguvu iliyoandikwa kwenye winchi ni ile ya kamba ikiwa kwenye tabaka la kwanza la roda. Kamba ikijaa tabaka juu ya tabaka, nguvu hupungua, hadi kubaki karibu thuluthi mbili. Kwa hiyo dereva anayetaka nguvu kamili huvuta kamba nyingi nje, badala ya kujisogeza karibu na mti.

Malori ya chai na ya mchanga yana hesabu yake. Lori lenye tani 10 lingehitaji winchi ya tani 15, na hiyo si winchi ya betri inayouzwa kwa ajili ya pikapu. Kwa lori la namna hiyo, jambo la kwanza ni kupakua mzigo. Magunia yakishuka, kazi hupungua nusu.

Asiye na fedha za winchi ya umeme anaweza kufikiria winchi ya mkono. Ziko za kuvuta tani 1.6, hazihitaji betri, na zinaweza kuvuta gari kutoka mbele, nyuma au ubavuni. Ni kazi ya jasho, lakini hazina injini ya kuungua.

Kamba: chuma au sintetiki

Kamba ya chuma huvumilia mawe na kukwaruzwa. Ubaya wake ni uzito, kutu, na nyuzi zinazokatika moja moja na kuchoma mikono. Ikikatika, huruka vibaya. Kamba ya sintetiki ni nyepesi, mtu mmoja anaweza kuibeba hadi kwenye mti, na ikikatika hairudi kwa ukali ule. Lakini jua huidhoofisha, mawe makali huikata, na mchanga ukiingia ndani huila polepole. Anayeitumia huifunika gari linapokuwa halina kazi, na huiosha kwa maji baada ya kila safari ya tope.

Mdomo wa kupitishia kamba lazima ulingane na kamba yenyewe. Kamba ya chuma hupita kwenye rola nne. Kamba ya sintetiki hupita kwenye mdomo laini wa aluminiamu. Kuweka kamba mpya ya sintetiki kwenye rola zilizokwisha kukwaruzwa na chuma ni kuitupa.

Kuifunga kwenye gari

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Winchi haifungwi kwenye bampa la bati. Nguvu yote ya kuvuta lazima iende kwenye fremu ya gari, pande zote mbili, kupitia bamba nene la chuma lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Bampa la kiwandani likibeba winchi, litang'oka siku ya kwanza ya kazi ngumu, na litaruka pamoja na winchi.

Bolti zinazotumika ni zile ngumu, zenye alama ya 8.8 au zaidi kwenye kichwa. Bolti isiyo na alama yoyote, hata ikiwa nene, haifai. Kuunganisha bamba kwenye fremu kwa kuchomelea kunahitaji welda anayejua kazi, kwa sababu joto hudhoofisha chuma cha fremu. Bolti ni salama zaidi, na zinaweza kukaguliwa kwa spana.

Fundi pia huangalia upande ambao kamba inajikunja. Kwa winchi nyingi, kamba hutoka chini ya roda. Ikijikunja kwa kinyume, breki ya ndani haitashika, na gari linaweza kurudi mlimani. Mkono wa klachi nao uwe mahali unapofikika. Kuna magari yaliyofungwa winchi nzuri kabisa, kisha ikaonekana kwamba mkono hauwezi kuingia kufungua klachi.

Winchi yenye kamba ya chuma inaweza kuongeza kilo 40 au zaidi mbele ya gari, mbali na bamba lake. Springi za mbele zikiwa zimechoka, gari litainamisha pua na usukani utabadilika. Ikumbukwe pia kwamba rejeta inahitaji hewa, na kwamba taa na namba ya gari havipaswi kufichwa. Kabla ya kubadilisha sehemu ya mbele ya gari, ni busara kuuliza NTSA kuhusu ukaguzi.

Umeme

Volti za winchi lazima zilingane na za gari. Pikapu nyingi ni volti 12. Malori mengi ni volti 24. Winchi ya umeme ikivuta kwa nguvu zote inaweza kunywa zaidi ya ampea 400, na altaneta haiwezi kurudisha kiasi hicho. Betri ndiyo inayobeba kazi. Kwa hiyo betri iwe nzima na imara, injini iwe inanguruma wakati wa kuvuta, na baada ya dakika moja au mbili winchi ipumzishwe ipoe.

Waya za winchi ni nene na huenda moja kwa moja kwenye betri. Zisipite karibu na ekzosi wala kwenye kona kali ya bati, kwa sababu waya ikichubuka hapo gari linaweza kuwaka moto. Swichi ya kukata umeme iwekwe karibu na betri, na ibaki imezimwa winchi isipotumika. Pia humzuia mtoto anayechezea rimoti.

Siku ya kukwama

Gari likikwama Laare au Kianjokoma, dakika chache baadaye umati umefika. Vijana wako tayari kusukuma, watoto wanataka kuona. Nia ni njema, lakini hapa ndipo watu huumia. Kabla ya kamba kukazwa, watu wote wasogezwe mbali, angalau mara moja na nusu ya urefu wa kamba iliyotolewa, na asibaki mtu kwenye mstari wa kamba. Mtu mmoja tu atoe ishara, na dereva amsikilize huyo peke yake. Hakuna kuruka kamba iliyokazwa, hata kwa haraka ya namna gani.

Anayeshika kamba ya chuma avae glavu za ngozi. Gunia lenye udongo kidogo, au koti zito, liwekwe juu ya kamba katikati. Kamba ikikatika, uzito huo utaiangusha chini. Kwenye roda zibaki raundi tano au zaidi za kamba ya chuma, na kamba ya sintetiki ibaki na raundi zaidi ya hizo.

Kulabu isirudishwe kwenye kamba yenyewe, kwa sababu hapo kamba huvunjika nyuzi. Kwenye mti, hutumika mkanda mpana unaozunguka shina chini kabisa, karibu na mizizi, na pingu ya chuma ya umbo la D. Waya ikizungushwa moja kwa moja, hukata gome na mti unaweza kukauka. Msitu wa Mlima Kenya ni chanzo cha maji ya mashamba mengi ya Meru na Embu, na unalindwa na sheria. Mahali pasipo na mti, kama kwenye tambarare za udongo mweusi, spea inaweza kuzikwa kwenye shimo refu na kuwa nanga. Na kichwa cha mpira cha kuvutia trela kisitumike kamwe kufungia kamba: kikikatika, huruka kama risasi.

Mzigo ukiwa mzito kuliko winchi, kapi, au puli kama mafundi wengi wanavyoiita, huongeza nguvu karibu mara mbili, ingawa kasi hupungua nusu. Kapi hiyo na mkanda wake viwe na uwezo mara mbili ya winchi, kwa sababu mzigo wote unakutana hapo. Kisha koleo litangulie: tope likichimbwa mbele ya magurudumu, winchi haitateseka.

Kabla mvua haijaanza

Winchi inayokaa miezi mitano bila kufanya kazi huota kutu. Kila mwezi, kamba yote itolewe kwenye uwanja tambarare, ikaguliwe kwa macho, kisha ikunjwe tena ikiwa imekazwa kidogo ili tabaka zisizame moja ndani ya nyingine. Bolti zikazwe. Dereva na msaidizi wake wafanye mazoezi mchana, kwenye ardhi kavu, ili usiku wa mvua wasijifunze kwa kubahatisha.

Na hali ikizidi uwezo, hasa gari likiwa na mgonjwa ndani, simu ya dharura ni 999 au 112. Kuomba msaada mapema si aibu. Madereva wamezoea kusema tahadhari kabla ya hatari. Kwa winchi, tahadhari huanza dukani, siku ya kununua.