Kurudisha Manifoldi ya Datsun 240Z: Mkufunzi Azungumza na Mafundi Vijana

Yafuatayo ni mazungumzo ya mkufunzi wa ufundi wa magari na wanafunzi wa chuo cha ufundi katika kaunti.



Gari hili ni Datsun 240Z. Wazee wanaikumbuka aina hii: ilishinda Safari Rally mwaka wa 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Hadi leo zipo zinazoshindana katika mbio za magari ya zamani hapa nchini, kwa hivyo kazi ipo. Lakini vipuri vyake havipatikani kila duka. Ukiunguza valvu, huenda mwenye gari akangoja miezi.

Injini ina silinda sita. Manifoldi za kuingiza hewa na ile ya ekzosi zimekaa upande mmoja wa hedi, juu ya gasketi moja. Matata yako hapo. Baadhi ya nati hukaa katikati ya flanji mbili, na washa moja nene hukandamiza zote mbili: ya aluminiamu huku, ya chuma kule. Flanji moja ikizidi nyingine unene hata kidogo tu, washa inalala mshazari. Mkono wako unasikia nati imekaza, kumbe upande mmoja haujabanwa. Hewa inapenya, petroli inakuwa kidogo kwa hewa hiyo, silinda inapata joto kupita kiasi. Mteja atasema injini inakohoa gari likisimama. Nawe utashinda ukifungua kabureta isiyo na kosa.

Kwa hivyo pima unene wa flanji zote kabla ya kufunga. Zikitofautiana, zipelekwe kwa fundi wa mashini zikasawazishwe. Weka pia rula ya chuma juu ya nyuso zake uone kama zimepinda. Unapokwangua gasketi kuukuu, ziba matundu ya hedi kwa vitambaa safi, na uvihesabu ukivitoa.

Silikoni ibaki kwenye tyubu yake. Najua tunaipenda. Petroli huilainisha, na vipande hunyonywa ndani ya injini.

Anza kukaza katikati ukielekea pembeni, kidogo kidogo kwa mizunguko mitatu, ukimalizia na spana ya kupimia mkazo kwa kipimo cha kitabu cha gari.

Ukishawasha, shika mpira mwembamba sikioni, ncha nyingine uipitishe kando ya gasketi. Hewa ikipenya utasikia mfyonzo. Chunga feni. Wengine hunyunyizia petroli, na ekzosi ya moto iko hapo hapo chini. Usithubutu.

Kesho yake injini ikiwa imepoa kabisa, rudi na spana ile ile. Gasketi mpya hulegea baada ya joto la kwanza, na mara nyingi nati za chini, zile usizoziona, ndizo zitakazozunguka.