Matembezi Yasiishie Kwenye Fulana

Mazungumzo kwa mabaraza ya mitaa, shule na mahali pa kazi, Kaunti ya Mombasa



Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, maelfu ya watu hushuka kwenye feri ya Likoni na kuingia kisiwani kwa miguu. Wengine huvuka Daraja la Nyali wakitoka Kisauni na Kongowea. Hao hawakungoja kampeni ya afya ndipo watembee. Nauli ndiyo iliyowatembeza. Na yuko mkazi mwingine anayetoka mlangoni akapanda tuktuk, akashuka akaketi ofisini, na jioni akarudi vivyo hivyo. Kwa hivyo kuhimiza matembezi hapa Mombasa kuna kazi mbili: kumwinua aliyekaa, na kumlinda anayetembea tayari. Hafla inayofanya ya kwanza ikasahau ya pili imefanya nusu ya kazi.

Tuanze na aliyekaa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo ni nusu saa kwa siku, siku tano. Kutembea kwa mwendo wa kuchangamka kunatosha. Kutoka kwenye Mapembe ya Ndovu hadi Fort Jesus ni karibu nusu saa hiyo. Faida zake zinajulikana: shinikizo la damu hupungua, na hatari ya kisukari na maradhi ya moyo hushuka. Asitishwe mtu na ile hesabu ya hatua 10,000. Ilipata umaarufu Japani mwaka wa 1965 kama jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichokuwa kikiuzwa, wala haikuwa agizo la daktari. Anayeanza na dakika kumi ameanza.

Mahali pa kazi ndipo penye viti vingi. Mwaka wa 1953, daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walifanya kazi kwenye basi moja, lakini dereva alikaa kutwa huku kondakta akipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Makondakta waligunduliwa kuwa na maradhi machache ya moyo kuliko madereva. Mwajiri hahitaji bajeti kubwa kulitumia somo hilo. Mkutano wa watu wawili unaweza kufanywa wakitembea. Mfanyakazi anaweza kushuka matatu kituo kimoja kabla. Ofisi inaweza kutenga siku moja kwa wiki, saa kumi na moja jioni, wote wakatoka pamoja kwa miguu.

Shuleni, watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji angalau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Njia ya kwenda shule inaweza kutoa sehemu kubwa ya muda huo, mradi iwe salama. Wazazi wa mtaa mmoja wanaweza kuunda msafara wa miguu: watu wazima wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakipita kila asubuhi saa ile ile na kuwachukua watoto mlango kwa mlango. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, msafara upite upande wa kulia wa barabara, ili magari yanayokaribia yaonekane yakija. Kwa miaka mingi, takwimu za NTSA zimeonyesha kuwa waenda kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaofariki barabarani nchini. Mzazi anayemwingiza mwanawe kwenye tuktuk kwa mwendo wa dakika kumi si mvivu. Anaogopa, na ana sababu.

Ndiyo maana matembezi ya mtaa yasiwe ya kuvaa fulana, kupiga picha na kutawanyika. Yapite njia zenyewe ambazo watu hutumia kwenda sokoni, zahanati, msikitini, kanisani na shuleni. Yafanywe mapema asubuhi au baada ya alasiri, maji yawepo, na wakati wa Ramadhani yahamishiwe usiku. Mzee mwenye mkongojo na anayetumia kiti cha magurudumu watangulie mbele, kwa kuwa wao ndio watakaoonyesha njia inapokatika.

Waswahili husema mwenda pole hajikwai. Lakini mtaro ulioachwa wazi humkwaza hata mwenda pole. Kila kundi litembee na daftari. Liandike mahali, kasoro iliyopo na saa ambayo watu ni wengi: taa isiyowaka, kibanda kilichoziba njia, kivuko kilichofutika rangi. Barabara za kaunti na taa za barabarani ni jukumu la serikali ya kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba. Barabara kuu za kitaifa ziko chini ya KeNHA. Orodha ipelekwe kwa msimamizi wa wadi, nakala ibaki mtaani.

Wakati nao ni muhimu. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Matembezi yakifanywa Juni au Julai, daftari hilo linaweza kuwahi vikao vya maoni ya umma. Yakifanywa baada ya hapo, hoja zake zinaweza kungoja mwaka mzima.

Basi kila mtaa, kila shule na kila ofisi ichague siku yake na njia yake. Mwaka ujao kundi lile lile lirudi kwenye njia ile ile, na daftari la zamani mkononi, likaguliwe mstari kwa mstari.