Minyoo, Uji na Mtoto wa Mpakani

 

Nimekuja na swali moja. Mama anayeuza nyanya Busia, au anayewapikia madereva pale Malaba, mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu anamwacha na nani?

Majibu mnayajua. Anambeba mgongoni hadi jioni. Anamlaza kwenye katoni chini ya meza. Anamwachia dadake wa miaka tisa, ambaye siku hiyo shule ameikosa. Anampeleka kwa kukhu, yaani nyanyake, kule Samia, awe anamwona mwisho wa mwezi. Au analipa kwa siku katika chumba cha jirani, bebikea, ambako mwanamke mmoja anaangalia watoto wengi kuliko mikono yake. Sitaki kumsema vibaya mwanamke huyo. Yeye ndiye serikali pekee ambayo mtoto wa umri huo anaijua.

Mpaka wenyewe wa Kenya na Uganda haulali. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kizinduliwe na Marais Kenyatta na Museveni mnamo Februari 2018, lori linasimama mara moja badala ya mara mbili, na kazi za pembeni, yaani kubeba mizigo, kubadilisha pesa, kuuza chai usiku, zimefuata mwendo huo. Chekechea zetu nazo hupokea watoto wa miaka minne na mitano, na hufungwa wakati mama bado yuko sokoni. Aliye chini ya miaka minne hana mlango wa kubisha.

Katiba ya 2010 haikumsahau. Jedwali la Nne, linapotaja kazi za kaunti, linaweka katika mstari mmoja elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani na vituo vya kulelea watoto. Kaunti nyingi ziliusoma mwanzo wa mstari huo zikajenga madarasa, jambo jema, kisha zikafunga kitabu kabla ya kufika mwisho wake.

Sasa niruhusuni niwarudishe nyumbani. Kuna watu huko nje wanaodhani Busia ni foleni ya malori tu. Katika vyuo vikuu vya dunia, jina la Busia linajulikana kwa sababu ya watoto wake. Kuanzia 1998, shirika la International Child Support, pamoja na wachumi Michael Kremer na Edward Miguel, waligawa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi za kusini mwa Busia, kundi moja baada ya jingine. Utoro ulipungua kwa takriban robo katika shule zilizopata dawa. Matokeo yalichapishwa 2004. Mwaka 2015 ukazuka ubishi mkali wa kitakwimu juu yake, na mwaka 2019 Kremer akawa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Ubishi huo nawaachia wanatakwimu. Mimi navutwa na jambo lililokuja baadaye.

Mtafiti Owen Ozier alirudi huku miaka kumi hivi baada ya dawa kugawiwa. Aliwatafuta watoto ambao hawakuwahi kumeza hata kidonge kimoja katika mpango ule, kwa kuwa wakati huo walikuwa wachanga wasiotimiza mwaka. Wale waliozaliwa karibu na shule zilizopata dawa mapema walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili, kwa kiasi kinacholingana na nusu mwaka hadi karibu miezi kumi ya shule. Waliokuwa na kaka au dada aliyemeza dawa walifaidika karibu mara mbili zaidi. Tafakarini hapo. Kichanga analala nyumbani, dawa anapewa mwanafunzi, mayai ya minyoo yanapungua uani na njiani, na ubongo wa kichanga unapata nafasi ya kukua. Mtoto huyu alilelewa na mtaa mzima bila mtaa wenyewe kujua.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo. Ukuaji wa mtoto mdogo ni mali ya mtaa, kama vile chemchemi ilivyo mali ya mtaa. Nataja chemchemi kwa makusudi. Kazi nyingine iliyofanyika Busia, iliyochapishwa 2011, ilionyesha kwamba chemchemi ikijengewa, uchafu katika maji yake hupungua kwa theluthi mbili. Maji yaleyale yakifika nyumbani, nafuu inabaki robo tu, kwa maana njiani kuna mtungi, kuna kata, kuna mikono. Kuhara kwa watoto kulipungua kwa robo pia. Huduma inayoishia langoni hupotea nusu ya njia.

Tuje kwenye uji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Christel Vermeersch na Kremer walifuatilia chekechea 50 za wilaya za Busia na Teso za wakati huo. Nusu yake zilipata uji wa asubuhi bila malipo. Mahudhurio yalipanda kutoka asilimia 27 hivi hadi 36. Lakini alama za watoto zilipanda pale tu palipokuwa na mwalimu mwenye uzoefu na mafunzo ya kutosha. Kwingine, uji ulileta watoto na wakati huohuo ukala muda wa kufundisha. Anayepanga kituo cha mtaa cha kulelea watoto leo bila kumwajiri mpishi na mlezi kama watu wawili tofauti, hajasoma habari za kwao.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta somo jingine. Katika kaunti za Kisumu na Vihiga, mradi wa Msingi Bora uliwakutanisha wazazi wa watoto wa miezi 6 hadi 24, mara moja kila wiki mbili, wakiongozwa na wahudumu wa afya wa kujitolea kutoka vijijini humohumo. Walijifunza kucheza na mtoto, kuzungumza naye, kumjibu anapobwabwaja. Vijiji 60 vilihusika, na matokeo yalitoka 2021. Akili na lugha za watoto zilisonga mbele, hasa pale ambapo mikutano yote ilikuwa ya kikundi. Ziara za nyumbani zilipochukua nafasi ya baadhi ya mikutano, faida ilipungua. Akina mama wakikaa pamoja wanaonana, wanaulizana, wanacheka, na mmoja akisema mwanawe hajaanza kutembea, wa pembeni ana jibu.

Mtaniambia haya tuliyajua tangu zamani. Ni kweli. Na Mombasa waliyajua: miaka ya 1980, Bi Swafiya Said alianza kazi ya chekechea za madrasa, zikiendeshwa na kamati za wazazi kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Mbinu hiyo ilivuka hadi Zanzibar na Uganda. Kilichowahi kuvuka hadi Uganda kutoka pwani kwa njia ya madrasa hakiwezi kushindwa na daraja la Malaba.

Nasema Uganda kwa sababu huku jirani yako ana kitambulisho cha nchi nyingine. Hadi 1902 eneo hili lote lilihesabiwa Uganda. Wateso na Wasamia wako pande zote mbili, na watoto wao wanasikia Kiteso, Kisamia, Kijaluo, Kiganda na Kiswahili kabla hawajajua kufunga kamba za viatu. Kituo cha mtaa kikianza kuuliza mtoto amezaliwa upande gani, kitakuwa kimewafungia nje watoto wengi wanaolala chini ya meza za soko. Kadi ya chanjo ya Tororo isomwe sawa na kijitabu cha mama na mtoto cha Kenya. Kirusi cha surua hakipigi muhuri pasipoti.

Je, nani atalipa? Nimesikia pendekezo la kumtoza mama kila kitu, na jingine la kusubiri wafadhili. La kwanza litawarudisha maskini kwenye katoni. La pili tunajua linavyoisha: mradi unakwisha, bango linabaki. Mimi naona kaunti ilipe mishahara ya walezi, maana kazi hiyo imepewa na Katiba. Soko litoe nafasi. Akina mama watoe mchango mdogo wa chakula, wa mihogo, wimbi na omena, vitu ambavyo hapa havihitaji kuagizwa. Wahamasishaji wa afya ya jamii, walioanza kulipwa na kupewa vifaa kote nchini 2023, wawe na siku yao kituoni ya kupima uzito na kuangalia chanjo. Mama wa bebikea asifukuzwe. Apewe mafunzo, na awe wa kwanza kuajiriwa.

Na saa za kufungua ziwekwe na wanaofungua vibanda, hata kama ni saa kumi na moja alfajiri.

Tukipata fedha za kitu kimoja tu mwaka huu, najua wengi mtaniambia tununue vitu vya kuchezea, au tupake kuta rangi za kupendeza, na gavana akate utepe. Mimi ningejenga choo kwanza, choo chenye tundu dogo ambalo mtoto wa miaka miwili hatumbukii, na maji ya kunawa karibu nacho, halafu ndipo tuezeke chumba. Watoto wa Ozier hawakupewa kingine chochote zaidi ya uwanja wenye mayai machache ya minyoo.