Haki za Mnunuzi wa Biashara Pale Muuzaji Avunjapo Mkataba



Katika nchi hii ya korosho, tangu Ndanda hata Masasi na kupanda uwanda wa juu wa Makonde hadi Newala, thamani ya biashara ndogo haikai mahali pamoja mwaka mzima. Maana fedha humfikia mkulima minada inapofunguliwa, kuanzia Oktoba hivi, na aliyekabidhiwa mashine ya kusaga pamoja na duka lake mwezi wa Septemba amepata mali nyingine kabisa na ile aliyoipata mwenziwe aliyekabidhiwa Machi, ijapokuwa kuta ni zile zile na bei ni ile ile. Nalitanguliza hili kwa kuwa nia yangu ni kuonyesha ya kwamba fidia ya mnunuzi, kwa sehemu kubwa, hukatwa siku ile hati inapoandikwa, kabla kadhia yenyewe haijatokea.

Tuseme mtu ametoa arbuni, hati ikatiwa sahihi mbele ya mashahidi, kisha muuzaji akakabidhi mashine ambayo yeye mwenyewe ajua kuwa injini yake imekufa, au akayaficha madeni ya wenye bidhaa. Wengi hudhani mlango ni mmoja tu, kudai fedha zirudi. Sivyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kuifuata ile ya India ya 1872, yampa aliyehadaiwa hiari: aubatilishe mkataba, ama aushike na kudai awekwe katika hali ambayo angalikuwa nayo lau maneno aliyoambiwa yangalikuwa kweli. Lakini pale muuzaji aliponyamaza tu, au aliposema lisilo kweli pasipo kusudi la kuhadaa, mnunuzi aliyeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida hapewi hiari ya kubatilisha. Kwa hiyo fundi na aitwe aifungue injini kabla ya malipo, na leja isomwe.

Muuzaji aliyechelewesha makabidhiano hata msimu ukapita hukutwa na kifungu cha 73, ambacho asili yake ni shauri la Hadley na Baxendale lililoamuliwa Uingereza mwaka 1854. Shafti ya kinu cha kusaga huko Gloucester ilivunjika, wachukuzi wakakawia kuifikisha kwa mafundi, kinu kikalala bila kazi; wenye kinu wakadai faida waliyoikosa, nao wakanyimwa, kwa sababu wachukuzi hawakujulishwa kwamba kinu kizima kilikuwa kikiingojea shafti ile. Hukumu hiyo, kwa maoni yangu, yamhusu mnunuzi wa Ndanda kuliko kanuni nyingine yoyote: hasara ya msimu hulipwa ikiwa pande zote mbili ziliijua zilipoahidiana. Basi hati na itaje waziwazi kuwa makabidhiano yatatimizwa kabla ya minada, na kwamba mnunuzi anaitegemea biashara ya miezi hiyo. Tena kifungu hicho hicho humtaka aliyeumia aangalie njia alizokuwa nazo za kuipunguza hasara. Hawezi kukaa kitako mwaka mzima akiihesabu.

Yuko pia muuzaji anayepokea bei kisha akafungua duka la namna ile ile ng'ambo ya barabara, akawavuta wateja aliokwisha kuwauza. Sheria, ambayo kwa kawaida haipendi mtu azuiwe kufanya kazi yake, huruhusu sharti la kumzuia muuza jina jema la biashara, mradi mipaka ya mahali itajwe na iwe ya insafu.

Deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 husikilizwa na Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili. Muda wa kufungua shauri la mkataba ni miaka 6 tangu ulipovunjwa, na vikao vya suluhu mbele ya wazee, vijapokuwa vya heshima na mara nyingi vyenye manufaa, havisimamishi hesabu ya miaka hiyo hata kwa siku moja.