Maumivu ya Bega, Kiwiko na Kiganja: Yanayoweza Kungoja na Yasiyongoja Asubuhi

Mada ya afya iliyoandaliwa kwa ajili ya mikutano ya hadhara ya vijiji na mitaa



Mtu akikaa nusu siku katika benchi la wagonjwa la hospitali ya wilaya, aghalabu ataona jambo la kusikitisha. Upande mmoja ameketi mama wa miaka hamsini ambaye bega lake limekaza tangu mwaka jana. Amekwisha kuuza mbuzi wawili kwa ajili ya bega hilo: amekandwa, amechanjwa, amechomwa sindano katika maduka mawili ya dawa, na bado mkono wake haufiki mgongoni. Upande wa pili yuko mtoto wa miaka sita aliyeanguka kutoka mwembeni siku tatu zilizopita. Kiwiko kimevimba, kimefungwa fito na vitambaa, na vidole vimepoa. Ugonjwa wa mama ungeweza kungoja. Wa mtoto haukupaswa kungoja hata usiku mmoja.

Hivyo ndivyo mambo yanavyogeuzwa mara kwa mara. Maradhi yenye kupona polepole hutumiwa akiba yote ya nyumba, na yale yanayohesabiwa kwa saa huachwa yalale.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu majina, kwa kuwa Kiswahili cha viungo hutofautiana kati ya mahali na mahali. Hapa kiwiko ni kile kiungo cha katikati ya mkono, ambacho wengine hukiita kisukusuku au kisugudi. Pale mkono unapokutana na kiganja pataitwa kifundo.

Mtoto anapoanguka huku amenyoosha mkono ili ajizuie, mfupa wa juu huvunjika mahali pembamba kidogo juu ya kiwiko. Huvunjika hivyo zaidi kwa watoto wa kati ya miaka 5 na 7, na msimu wa maembe unajulikana vyema kwa jambo hilo. Mbele ya mfupa huo unapita mshipa mkubwa wa damu unaolisha mkono, pamoja na neva zinazoendesha vidole. Ncha ya mfupa ikiubana mshipa, au uvimbe ukikosa nafasi ya kutanuka kwa sababu ya fungo lililokazwa, misuli ya mkono hukosa damu. Ndani ya saa zipatazo sita misuli hiyo huanza kufa, na iliyokufa hairudi. Hugeuka kuwa kovu linalojivuta, nalo huvikunja vidole kuelekea kiganjani kwa maisha yote. Richard von Volkmann, daktari mpasuaji wa Ujerumani, aliueleza ulemavu huo mwaka 1881, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Haifai kuwatupia lawama yote waunga mifupa wa jadi. Wengi wao wana mikono mizoefu, wako karibu, na hupokea malipo kidogo kidogo, ilhali nauli ya kwenda hospitalini hutakiwa papo hapo. Hatari imo katika fungo linalobana, na hata hogo la hospitali likibana huleta madhara yale yale. Kwa sababu hiyo mzazi aliyerudi nyumbani na mtoto mwenye hogo anapaswa kuvitazama vidole usiku huo. Vikiwa vyeupe au vya buluu, vikipoa, vikifa ganzi, au mtoto akilia kwa uchungu usiotulizwa na dawa na kuzidi vidole vinaponyooshwa, arudishwe wakati huo huo bila kungoja kupambazuke.

Kabla ya kufika hospitalini, mkono uachwe katika hali ulivyokutwa na utegemezwe kwa kanga iliyofungwa shingoni. Usinyooshwe kwa nguvu, usikandwe, usipakwe maji ya moto. Bangili na pete zivuliwe mapema kabla uvimbe haujazifunga. Mtoto asilishwe njiani, kwani huenda akahitaji dawa ya usingizi.

Liko jeraha jingine la kiwiko cha mtoto ambalo huwatisha wazazi bila kuwa kubwa. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 4, akivutwa mkono ghafla ili avuke barabara au akirushwarushwa kwa mikono katika mchezo, huweza kuchomokwa kidogo na kichwa cha mfupa mmoja. Hulia, kisha huuacha mkono ukining'inia asiutumie. Mhudumu aliyefunzwa hukirudisha kwa dakika chache, na baada ya muda mfupi mtoto hucheza.

Sasa na turudi kwa mama wa bega. Ugonjwa wake ni bega lililoganda. Mfuko mwembamba unaokizunguka kiungo huvimba, ukawa mnene na kukaza. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wengine. Kwanza huja maumivu makali, hasa usiku. Kisha maumivu hupungua na ukakamavu hutawala, hata kusuka nywele au kufunga sidiria kukawa shida. Hatimaye bega hulegea polepole. Safari yote huchukua kati ya mwaka 1 na miaka 3. Si kazi ya jirani mwenye kijicho, na kuchanja hakuifupishi.

Mganga hulitambua kwa kujaribu kuuzungusha mkono kwa nje. Bega lililoganda haligeuki hata akisaidia yeye. Bega ambalo kano zake zimechubuka au kukatika ni tofauti: mgonjwa hushindwa kuuinua mkono mwenyewe, lakini mganga akiuinua huenda juu. Hayo huonekana kwa mafundi rangi, wabeba mizigo na wazee walioanguka. Kwa bega lililoganda, dawa za maumivu, sindano ya kutuliza uvimbe inayochomwa ndani ya kiungo na mhudumu mwenye ujuzi, na mazoezi ya kila siku ndiyo matibabu ya kawaida. Zoezi mojawapo halina gharama: mgonjwa husimama mbele ya ukuta na kuvipandisha vidole taratibu mpaka pale maumivu yanapoanza, kisha huvishusha. La msingi zaidi ni kupimwa sukari, kwa kuwa bega hilo huweza kuwa dalili ya kwanza iliyomfikisha mwenye kisukari kituoni.

Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko Wazungu waliyapa jina la mchezo wa tenisi, ingawa wengi wanaoyapata hawajawahi kushika raketi. Hapa kwetu huletwa na jembe, mwiko wa kusongea ugali wa watu wengi, kukamua nguo nzito, na mwiko wa fundi mwashi. Kano inayoukunjua mkono kwenye kifundo huchoka mahali inapojishika mfupani. Wengi hupona ndani ya mwaka kwa kupunguza kazi ile, kubadilisha namna ya kushika, na kuuimarisha mkono kwa mazoezi ya pole pole. Sindano ya kutuliza uvimbe hupendwa kwa kuwa hutoa nafuu ndani ya siku chache, lakini uchunguzi umeonyesha kwamba baada ya miezi kadhaa waliochomwa huwa na hali mbaya kuliko wasiochomwa. Sindano inayofaa begani si lazima ifae kiwikoni.

Ganzi ya vidole yahitaji kusikilizwa kwa makini. Mtu anayeamka usiku kidole gumba, cha shahada na cha kati vikichomachoma, akaukung'uta mkono ndipo apate nafuu, neva yake imebanwa kwenye kifundo. Wajawazito hupatwa sana na hali hii, na mara nyingi huisha baada ya kujifungua. Bamba jepesi la kukinyoosha kifundo wakati wa kulala huwatosha wengi. Lakini nyama ya chini ya kidole gumba ikianza kunywea, hospitali ya rufaa huweza kuifungua njia ya neva kwa upasuaji mdogo wa ganzi ya mahali. Ganzi ya ghafla ya upande mzima wa mwili, pamoja na mdomo kupinda au ulimi kuwa mzito, ni kiharusi. Na maumivu ya mkono yanayoambatana na kifua kubana na jasho jingi huenda ni moyo. Hizo nazo hazingoji.

Haingoji pia mikono ya wenye kisukari. Taarifa ya madaktari wa Dar es Salaam, iliyochapishwa Marekani mwaka 2002, ilieleza wagonjwa wa kisukari ambao kidonda kidogo cha mkononi, kama vile mchubuko au alama ya mdudu, kiligeuka kuwa maambukizi yaliyopanda kwa kasi. Baadhi walikatwa vidole au mkono, na baadhi walifariki dunia. Kuchelewa kufika hospitali kulikuwa miongoni mwa sababu. Kwa mwenye kisukari, kiganja kilichovimba na kuwa na joto ni sababu ya kuondoka nyumbani siku hiyo hiyo.

Mwisho ni ganzi ya vidole viwili vya pembeni, cha pete na cha mwisho. Neva yake ndiyo ile inayompa mtu mshtuko kama wa umeme akikigonga kiwiko kwenye ukingo wa meza. Huweza kubanwa kwa kukiegemea kiwiko muda mrefu, na hapo kuacha mazoea hayo husaidia. Lakini ikiwa neva yenyewe imenenepa, vidole vinaanza kukunjika, au ngozini pana baka lisilosikia mguso, mganga hutafuta ukoma, ambao haujaisha nchini. Dawa zake hutolewa bila malipo, kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina. Huua vijidudu, lakini kidole kilichokwisha kukunjika hazikinyooshi.